Maswali yenu: Makundi yasiyo na mpaka, na serikali zinazochelewa kufika

Wiki hii siandiki makala, maswali yamejaa. Mengi yameanzia kwenye ile habari ya Bamako: kundi la JNIM, tawi la Al-Qaeda huko Mali, kuanzia Septemba 2025, likawa linachoma malori ya mafuta yanayotoka Senegal na Ivory Coast, mpaka mwisho wa Oktoba serikali ya Mali ikafunga shule nchi nzima kwa wiki mbili kwa kukosa mafuta. Mji hawakuuteka na wala hawakuwa na shida ya kuuteka. Hivi ndo vita vya sasa, na bado watu wananiuliza maswali ya vita vya Kagera. Yale ya "jeshi gani namba moja Afrika Mashariki" nimeyaweka pembeni yote, naomba msinitumie tena.

SWALI: Kaka, nauliza kitu kimoja tu. Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia, Djibouti wote wamepeleka majeshi Somalia, Marekani yuko juu na droni. Miaka yote hiyo wanashindwaje kuwamaliza Al-Shabaab, watu wenye kandambili? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hili swali linakuja kila wiki na kila wiki linakuja na hizo kandambili. Ndugu yangu, viatu haviamui chochote. Kwenye kupigana mji kwa mji hao jamaa walishashindwa zamani: kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, kiliingia Machi 2007, Agosti 2011 Shabaab wakatoka Mogadishu, Septemba 2012 wakaipoteza Kismayo na bandari yake, baadae kikosi hicho kikaruhusiwa kufika askari 22,126. Kwa hesabu za zamani hapo vita imeisha, unapandisha bendera watu wanarudi shambani. Mbona haikuisha? Kwa sababu baada ya bendera kupanda hakuna mtu mwingine aliyekuja. Hakimu hakuja, mwalimu hakuja, mtu wa kodi mwenye risiti hakuja, walikuja askari wenye njaa ambao mshahara wao umeliwa njiani.

Hebu lifuate lori moja. Dereva katoka Mogadishu anaelekea Baidoa na mzigo wa mchele na sukari. Akifika kizuizi cha Shabaab analipa, anaandikiwa risiti, na ile risiti akiionyesha kwenye kizuizi chao kingine huko mbele anapita, hadaiwi mara mbili. Akikutana na vizuizi vya askari wa serikali na vya wanamgambo wa koo kila kimoja kina bei yake, leo hii kesho ile, risiti hakuna, na ukibisha hupiti. Waangalizi wa Umoja wa Mataifa 2018 walikadiria kwamba kizuizi kimoja tu kwenye barabara hiyo kinawaingizia Shabaab kama dola milioni 10 kwa mwaka, na mapato yao yote yanakadiriwa kupita dola milioni 100 kwa mwaka. Hiyo hela haikutoka Uarabuni kwenye mabegi kama mnavyopenda kuambiana, imetoka kwa wenye maduka na wafugaji na waagizaji wa makontena wa Mogadishu kwenyewe, mji ambao una rais na bunge.

Alafu kuna mahakama. Watu wanaoishi chini ya bendera ya serikali wanapanda gari kutoka Mogadishu kwenda kwenye mahakama za Shabaab nje ya mji kupeleka kesi za viwanja, kwa sababu kule kesi inaamuliwa haraka, hakimu hanunuliki kirahisi na hukumu inatekelezwa. Inatekelezwa kwa hofu, naomba tuelewane hapo, maana hawa ni watu waliolipua lori katikati ya Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 wakaua karibu watu 600, hakuna cha kuwasifia. Lakini mtu aliyeporwa kiwanja cha baba yake anamtafuta anayeweza kumrudishia, hatafuti wa kumsifia.

Msimamo wangu ni ule ule tangu nianze safu hii: haya makundi yanaishi kwenye nafasi iliyopo kati ya raia na serikali yake. Nafasi ikiwa pana watafungua humo mahakama na ofisi ya kodi. Na ushahidi kwamba inawezekana kuibana upo. 2022, katikati ya ukame, Shabaab walipozidisha kodi na kuchoma vijiji na kuharibu visima kule Hiiraan, wenyeji wenyewe, wale wanaoitwa macawisley, walibeba bunduki wakawafukuza, jeshi likafuata nyuma yao, na kwa miezi michache yakakombolewa maeneo ambayo yalikuwa yamekaliwa miaka mingi. Serikali ikakabidhiwa ardhi bure na wananchi wake, ikashindwa kuishika. Mapema 2025 Shabaab wakarudi sehemu kadhaa za Shabelle ya Kati na Machi 2025 wakautegea bomu msafara wa rais ndani ya Mogadishu. Sasa wewe niambie hapo kilichokosekana ni askari?

SWALI: Mashababi wa Msumbiji ni tawi la wale wa Somalia au ni jina tu? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Jina tu. Wa Somalia wako chini ya Al-Qaeda, wametangaza wenyewe 2012. Wa Cabo Delgado walianza kwa kushambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 na baadae wakaingia upande wa ISIS, na hayo makundi mawili makubwa ni maadui. Lakini wewe uko Mtwara, mengine unayajua kunizidi. Unajua kwamba Mmakonde wa huku ana mjomba ng'ambo ya Ruvuma na anavuka kwa mtumbwi kwenda msibani bila kuuliza mtu. Njia hiyo hiyo ndo waliyoitumia Oktoba 2020 walipovuka wakaingia Kitaya wakaua watu wetu na kuchoma nyumba. Wale vijana wanaongea Kimwani, Kimakua, na Kiswahili, na wamo waliotoka kwetu, tusijifanye hatujui.

Kabla ya bunduki kulikuwa na nini pale? Kulikuwa na gesi baharini na rubi kule Montepuez, na mwenyeji yuko katikati anaangalia. Wachimbaji wadogo walipigwa na kufukuzwa kwenye machimbo mpaka kesi ikafika London, na Januari 2019 kampuni ya Gemfields ikakubali kulipa pauni milioni 5.8 kuimaliza, bila kukiri kosa. Mradi wa gesi wa Total wa dola bilioni 20 ukajengwa Palma, na Machi 24, 2021 wakaushambulia mji wa Palma, mwezi uliofuata Total ikasimamisha kila kitu. Kundi la vijana ambao mwanzoni wengi wao walikuwa na mapanga lilisimamisha uwekezaji mkubwa kuliko uchumi wa nchi nzima kwa mwaka. Maputo ndo ikashtuka. Julai 2021 wakaja Wanyarwanda kama 1,000, wakaja SADC na sisi tukiwemo, Agosti Mocímboa ikarudi. SADC imeshaondoka tangu Julai 2024. Vijana wa Mocímboa ambao hawana ajira bado wapo pale pale, na nyie viongozi wa kusini mnaosoma hapa, vijana wa Mtwara na Lindi nao wanaiangalia gesi inapita. Nimesema.

SWALI: Siku hizi makao makuu ya ISIS yako wapi? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Hakuna jengo. Kijiji chao cha mwisho Syria kilianguka Machi 2019, na tangu hapo ripoti za Umoja wa Mataifa zimeeleza ofisi yao ya milima ya Puntland, Somalia, ikisambaza hela mpaka kwa ADF, waasi wa Uganda waliojificha Kongo, na wale wa Msumbiji.

SWALI: Mimi naona suluhisho ni kufunga mipaka kabisa. Tujenge ukuta. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kenya ilianza fensi pale Mandera 2015, mpaka wao na Somalia ni karibu kilomita 700, zikajengwa kilomita chache mradi ukakwama. Na Jamil Mukulu, kiongozi wa ADF aliyekuwa anatafutwa na dunia nzima, alikamatwa 2015 wapi? Hapa hapa Tanzania. Ukuta gani ungemzuia huyo?

Ila naelewa hasira inakotoka kwa hiyo nitaongeza kidogo. Wazee wetu walikaa Cairo Julai 1964 wakakubaliana kwamba mipaka ya mkoloni ibaki kama ilivyo, Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele, na ulikuwa uamuzi wa busara kwa sababu hofu ya wakati ule ilikuwa nchi moja kuivamia nyingine. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu ambaye haitaki ardhi yako, anataka tu kupita. Juni 2023 ADF waliingia Mpondwe, Uganda, kilomita mbili hivi kutoka mpakani, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini, kisha wakarudi Kongo msituni. Na wakati huo jeshi la Uganda lilishakuwa ndani ya Kongo kwa makubaliano tangu Novemba 2021. Majeshi mawili, operesheni moja, na watoto wakafa. Kilichokosekana ni taarifa kutoka kijijini kufika kituoni kwa wakati, na mwanakijiji anatoa taarifa kwa mtu anayemwamini tu.

SWALI: Houthi wananihusu nini mimi mfanyabiashara wa Kariakoo? Wakala wangu ameniongezea bei ya kontena kutoka Guangzhou anasema ni vita ya Bahari ya Shamu. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Shika ramani dada yangu. Meli ya Guangzhou kuja Dar inakata Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu haiigusi kabisa. Kwa hiyo akikwambia meli yako imezunguka Afrika anakudanganya, mwambie hivyo hivyo. Lakini bei kupanda kulikuwa na ukweli ndani yake, na hapa ndo watu wanapochanganya.

Houthi ni waasi wa Yemen, wameushika mji mkuu Sanaa tangu Septemba 2014. Novemba 2023 wakaiteka meli ya Galaxy Leader kwa helikopta, kisha wakaanza kurusha makombora na droni kwenye meli zinazopita Bab el-Mandeb, wakisema ni kwa ajili ya Gaza. Kampuni kubwa za meli zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na huo ni mzunguko wa siku kumi hadi wiki mbili zaidi kati ya Asia na Ulaya. Meli ikikaa baharini siku nyingi zaidi maana yake meli ni chache na makontena matupu hayarudi China kwa wakati, na hapo hata sisi ambao mzigo wetu haupiti huko tunapandishiwa. Wanaoleta nguo kutoka Uturuki ndo waliumia moja kwa moja, na wauza chai wa Mombasa wanaopeleka Misri na Uingereza. Misri yenyewe mapato ya Suez 2024 yalianguka zaidi ya nusu, dola bilioni 7 hivi.

Na kuna hili ambalo hamkulisikia. Februari 2024 walipiga meli inaitwa Rubymar, mabaharia wakaiacha, ikawa inaelea na nanga imeshuka, na maofisa wa Marekani wakasema nanga ile ndo inadhaniwa ilikata mikongo ya intaneti chini ya bahari, mmojawapo Seacom ambao unatuhudumia huku. Yaani kundi ambalo nchi nyingi hazilitambui kama serikali limegusa bei ya nguo na intaneti ya watu wa mwambao wetu bila hata kuwa na habari na sisi.

Marekani ikaja na manowari. Kombora la dola milioni 2 linarushwa kuangusha droni ya dola elfu chache, unaweza kufanya hivyo mwezi, miezi sita, ila hesabu itakukataa. Machi 2025 wakaanza kuwapiga mabomu kila siku, Mei wakakubaliana kusitisha kwa usuluhishi wa Oman. Julai mwaka huo huo Houthi wakazamisha meli nyingine mbili. Ndio, Iran iko nyuma yao kwa silaha, sikatai, lakini msiwachukulie kama watoto wa kutumwa, wana mambo yao.

SWALI: Kwani Madaktari Wasio na Mipaka na Msalaba Mwekundu nao si mashirika yasiyo na mpaka? Mbona huwasemi? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndio, na tatizo kwao ni kwamba vita hivi haviwaachi. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walikaa Somalia miaka 22 wakaondoka Agosti 2013 baada ya wafanyakazi wao kuuawa na kutekwa, wakarudi 2017. Zamani daktari alikuwa anaomba ruhusa kwa makamanda wawili wa pande mbili, sasa hivi anaomba kwa kumi, na yule wa kumi na moja hajamjua bado.

SWALI: Kwa nini serikali zetu zisikodi kampuni za kijeshi? Wagner wa Urusi walifanya kazi safi Afrika ya Kati. Jeshi la serikali lina rushwa, kampuni inataka matokeo. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hili ndo limenikera kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu naona vijana wengi mnaliamini.

Kwanza hiyo "kazi safi". Wagner waliingia Cabo Delgado Septemba 2019 wakidhani ni kazi ndogo. Msitu hawaujui, lugha hawaijui, wakaviziwa, wakapoteza watu, ndani ya miezi michache wakaondoka. Ikafuata kampuni ya Dyck ya Afrika Kusini na helikopta zao 2020, na pamoja na wao Mocímboa ilitekwa Agosti mwaka huo. Nenda Mali. Wagner waliingia mwisho wa 2021. Machi 2022 kwenye kijiji cha Moura, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukasema watu zaidi ya 500 waliuawa na askari wa Mali pamoja na wageni weupe waliokuwa nao. Julai 2024 Wagner wakapigwa vibaya Tinzaouaten kule mpakani na Algeria. Juni 2025 wakatangaza wamemaliza kazi, wakabadilishiwa jina wakawa Africa Corps chini ya wizara ya ulinzi ya Urusi, na miezi mitatu baadae JNIM wakaifungia Bamako mafuta. Matokeo ndo hayo?

Mtaniambia Executive Outcomes, ile kampuni ya Afrika Kusini, najua, kila mtu ana huo mfano. Ni kweli, 1995 waliwarudisha nyuma waasi wa RUF Sierra Leone na wakayachukua tena machimbo ya almasi ya Kono. Mkataba ukakatwa mwanzoni mwa 1997. Mei 1997 serikali ikapinduliwa. Kwa sababu nguvu ile haikuwa ya Sierra Leone, ilikuwa ya kukodi, na siku mwenye nguvu akiondoka unabaki na ulichokuwa nacho kabla hajaja.

Goma, mashariki mwa Kongo, je? Serikali ya Kinshasa ilikuwa na Waromania pale, na kwa taarifa zilizochapishwa walikuwa wanalipwa mpaka dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari wa jeshi la Kongo (FARDC) anapata kama dola 100, na mara nyingine haziji. Jiweke kwenye nafasi ya huyo askari. Uko kwenye mtaro mmoja na mtu anayepata mara hamsini yako kulinda nchi ambayo si yake. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia na Wanyarwanda nyuma yao, Waromania zaidi ya 280 waliweka silaha chini, wakavushwa mpaka Rwanda wakapandishwa ndege kwenda kwao. Mwanamke wa Goma hakuwa na ndege ya kumrudisha kwao, maana kwao ni pale.

Na hata Putin mwenyewe, aliyewalea hao Wagner, Juni 2023 aliwaona wanakamata makao makuu ya jeshi lake Rostov na kuanza safari ya kuelekea Moscow. Miezi miwili baadae Prigozhin, bosi wa Wagner, akafa kwenye ndege. Kama dola yenye silaha za nyuklia ilitikiswa na kampuni iliyoilisha yenyewe, wewe wa Bangui utaiambia nini siku ikikataa kuondoka kwenye mgodi wako? Ukiona jeshi lina rushwa, safisha jeshi. Ni kazi ngumu na ya miaka mingi na haina njia ya mkato, na kila waziri anayekwambia ipo muulize mkataba uko wapi na unalipwa kwa madini yapi.

SWALI: Ile eCitizen ya Kenya kuzimwa 2023, ilikuwa nchi gani imefanya? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Si nchi. Walijitangaza Anonymous Sudan, na watu wengi, hata wataalamu, walikuwa na uhakika ni Warusi. Oktoba 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani. Watu wawili. Na walichofanya si kuvunja mlango, walirundika maombi mengi kwenye mtandao kwa wakati mmoja mpaka ukashindwa kuhudumia watu halisi, zaidi ya huduma 5,000 za serikali zikayumba, mtu anashindwa kulipia pasipoti, anashindwa viza. Kenya wangejibu kwa kutuma ndege wapi? Mwaka mmoja kabla ya hiyo ya Kenya, genge la wadukuzi la Conti lilipiga kompyuta za serikali ya Costa Rica mpaka rais akatangaza hali ya dharura, Mei 2022.

Somo ninalolitaka mimi hapo ni kwa serikali zinazokimbilia kuhamisha kila kitu mtandaoni na kufunga madirisha ya karatasi. Acheni dirisha moja wazi. Bibi wa Kakamega asikose cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kwa sababu vijana wawili walioko mbali wameamua hivyo.

SWALI: Je ni kweli Elon Musk ana nguvu kwenye vita kuliko serikali? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Kwenye jambo moja, ndio. Septemba 2022 Ukraine walitaka Starlink, intaneti yake ya setilaiti, iwashwe karibu na Crimea wapige meli za Urusi, akakataa, na amelisema mwenyewe hadharani. Mtu mmoja asiyepigiwa kura na yeyote kaamua operesheni ya jeshi iende au isiende. Karibu na sisi angalia Sudan: Februari 2024 mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima, na kwenye maeneo mengi vifaa vilivyobaki vikifanya kazi vilikuwa vya Starlink vilivyoingizwa kimagendo, vingine vikimilikiwa na wapiganaji wa RSF wenyewe, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, na raia wakilipia kwa saa ili tu wapokee hela kutoka kwa ndugu waliopo Jeddah au Cairo. Yule aliyekupora nyumba ndo alikuwa anakuuzia njia ya kumwambia mwanao kwamba uko hai.

Sisemi kifaa ni kibaya, kijijini kinasaidia. Nasema serikali inayosaini mkataba wa huduma kama hii isome kipengele cha nani ana haki ya kuzima, na iendelee kuutunza mkongo wake.

SWALI: Tuseme ukweli, si Wasomali wote wanawaficha hawa watu? Ningekuwa mimi ningewakusanya wote. (Msomaji hakutaja mahali)

JIBU: Walishakusanywa. Aprili 2014 Kenya iliwapeleka maelfu kwenye uwanja wa Kasarani, akina mama na watoto humo. Mwaka mmoja baadae, Aprili 2, 2015, wakauawa watu 148 chuo kikuu cha Garissa, na mmoja wa wauaji alikuwa mtoto wa chifu, amesomea sheria Nairobi, wazazi wake walisharipoti kwamba amepotea. Baada ya hapo wakafungia kampuni 13 za hawala, akina mama wa kambi za wakimbizi wakakosa hela ya unga, miezi miwili baadae wakazifungulia.

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, 2017 waliwahoji waliowahi kujiunga na makundi haya Afrika, wakawauliza nini kiliwasukuma mwishoni kabisa. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Wewe unayetaka kuwakusanya wote unawafanyia hao jamaa kazi ya kuandikisha vijana, na unaifanya bure.

Na Desemba 2015 basi lilisimamishwa El Wak, kaskazini mwa Kenya, Shabaab wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu, Wasomali, wakakataa, wanawake wakawapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa, wakawaambia Shabaab waueni wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale akafa wiki kadhaa baadae. Ukituma tena swali la namna hii, taja na mahali ulipo.

SWALI: Shikamoo kaka. Kuna wakala ananipa nafasi ya kazi Urusi, hotelini, tiketi wanalipa wao. Mdogo wangu wa kike naye wamemwambia kuna kozi na kazi humo humo. Unashauri nini? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiende, na mdogo wako asiende, na nitakueleza.

Kuna eneo la viwanda linaitwa Alabuga, Tatarstan. Limekuwa linatangaza kwa wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 kozi za hoteli na mapishi, tiketi bure. Waandishi walipowafuatilia 2024 waliwakuta wengine wanaunganisha droni za vita, kemikali zinawaunguza ngozi. Aprili 2024 droni za Ukraine zikapiga hosteli pale, watu wakaumia. Kwa wavulana ni mkataba wa Kirusi ambao huwezi kuusoma, unasaini unadhani ni ulinzi wa ghala unajikuta mstari wa mbele. Tumeshazika Mtanzania mwenzetu, kijana aliyeenda kusoma, akafungwa kule, Wagner wakamtoa gerezani kwa ahadi ya msamaha, akafa Ukraine Oktoba 2022, mwili ukafika Dar Januari 2023.

Njia ya mashariki nayo ni hiyo hiyo. Wanakwambia kazi ya kompyuta Thailand, unavushwa mto unajikuta Myanmar kwenye majengo yenye ulinzi wa wanamgambo, unalazimishwa kutapeli watu mtandaoni na usipofikisha kiwango unapigwa. Waethiopia na Wakenya wengi walitolewa huko 2025. Serikali yetu haina ubalozi wa kugonga mlango kwenye kambi ya genge.

Nenda ofisi ya TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ukaulize kama huyo wakala wako ana leseni, peleka jina la kampuni lilivyoandikwa kwenye mkataba. Akikwambia hakuna haja ya kwenda huko, umeshapata jibu. Pasipoti yako na ya mdogo wako zikae nyumbani kwa mama, na hilo tangazo nitumie leo.